Neno Nililolikwangua kwa Wembe

Wiki mbili zilizopita tulimzika Papa Mbusa, mtu aliyenifundisha kazi ya kuchora ramani, na tangu siku ile sijatulia. Kilio kilikuwa Bungulu, mjini Beni, nyumbani kwa mwanawe Kasereka, chini ya turubai la bluu lililofungwa kwenye paa na kwenye mti wa parachichi. Watu walisimama mmoja mmoja kutoa ushuhuda. Wa tatu alikuwa bwana mmoja mwenye koti, ambaye sidhani kama aliwahi kumwona marehemu akishika kalamu. "Huyu muzee," akasema, "njo yeye alitia Bambuti ku plan ya Beni. Bila yeye, bale batu bangekuwa banakunywa takataka mpaka leo." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa na sahani mapajani na sikupiga. Nilimpenda Papa Mbusa, nilimlilia kweli, lakini hilo la kuwatia Wambuti, watu wa msituni, kwenye ramani nilikuwapo, na halikuwa hivyo. Kilichonikera zaidi ni kwamba Mbuti pekee aliyefika kwenye kilio kile alikuwa ameketishwa nyuma ya jikoni, kwenye jiwe, kando ya karai la kuoshea vyombo. Jina lake Furaha. Alikuja kwa miguu na kikapu cha uyoga wa kutolea pole, uyoga ukapokelewa kwa asante nyingi, ukapikwa, ukaingia kwenye sahani za wageni, na yeye akaonyeshwa jiwe. Nilimuuliza mmoja wa wapishi kwa nini wamemweka pale maji machafu yanapomwagwa. Akanitazama kwa upole kabisa. "Ee tantine, bale bamezoea," akasema, akiniita shangazi.

Bamezoea. Neno hilo nililisikia kwa masikio yangu nikiwa na miaka ishirini na tatu, mwaka wa kwanza wa kazi yangu, na nilidhani tumelimaliza. Mwaka ule nilikuwa dessinatrice, mchoraji wa ramani, katika ofisi ndogo ya Papa Mbusa mjini Butembo, juu ya duka la misumari na rangi. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa na ukuta wa triplex, ubao mwembamba: upande mmoja yeye na wateja wake, upande mwingine mimi, meza yenye mteremko, na dirisha ambalo mpaka saa nne asubuhi lilionyesha ukungu tu. Baridi ya Butembo iliufanya wino uwe mzito, na niliipasha chupa kwapani kabla ya kuanza. Papa Mbusa alinawa mikono mara nyingi kuliko padri. Hakuna aliyeruhusiwa kula karibu na kalki, ile karatasi nyembamba inayopitisha mwanga ambayo ramani ya mwisho huchorwa juu yake. Kwa hiyo saa sita tulikula wima kwenye baraza, viazi na maharage yaliyoungwa kwa poireaux, vitunguu vya majani, za Kipese, sahani juu ya ukingo, tukitazama magari yakipanda kutoka Kirumba. Alikuwa mtu mwema, na alikuwa mtumwa wa kanuni. Kanuni yenyewe ilibandikwa ukutani mbele yangu: légende, yaani orodha ya alama. Nyumba ya matofali ilikuwa mraba uliojazwa wino. Nyumba ya udongo, mraba mtupu. Kanisa lilikuwa na msalaba wake, msikiti mwezi wake, soko, shule, daraja, hata mti mkubwa ulikuwa na alama. "Kitu haina alama, hatuichoraki," aliniambia siku ya kwanza, na mimi niliandika kwenye daftari kama mjinga.

Ofisi moja, ambayo sitaitaja kwa kuwa waliokuwamo wengi wamekwisha kufa au kupandishwa vyeo, ilituagiza ramani ya pembeni mwa Beni. Walitaka mahali pa kuchimba shimo la takataka za mji. Nilitumwa kupima. Nilipanda lori la Papa Saidi, mfanyabiashara Mwislamu wa Beni aliyepakia maharage Kirumba kila wiki na kupita Butembo kunichukua. Alikuwa mtu wa maneno machache na redio nyingi. Siku ya tatu ya upimaji mvua ilinikuta bondeni, kwenye makao ya Wambuti waliotoka porini wakikimbia risasi. Zilikuwa kama nyumba kumi na tano za fito na mangongo, majani mapana ya msituni. Mama mmoja mfupi mwenye sauti kubwa, Mama Feza, alinivuta mkono, akaniingiza kwake, akaninyang'anya vifaa na kuviweka mahali pakavu kuliko pote. Nilitegemea kulowa. Sikulowa hata tone. Ndani kulikuwa na moto mdogo na harufu ya majani na moshi, na mvua juu yetu ilisikika kwa mbali. Alinipa kigoda, cha pekee alichokuwa nacho, na yeye akakaa chini. Akanilisha uyoga na sombe, majani ya muhogo, juu ya jani, kisha asali, na nikala mpaka nikalamba jani. Bintiye mchanga alilala muda wote mapajani mwake. Huyo ndiye Furaha.

Kisha nilirudi Butembo, nikakaa mbele ya kalki, nikafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka naona aibu usoni. Nilipofika kwenye lile bonde nilitafuta alama ya nyumba ya majani kwenye légende. Haikuwapo. Nikaacha peupe. Papa Mbusa akapita nyuma yangu, akagonga kwa kalamu yake. "Blanc bila jina ni faute, Kahindo. Andika kitu." Kwake peupe pasipo jina palikuwa kosa, basi nikaandika VIDE, yaani patupu. Herufi nne, kubwa, zimekaa sawa. Nakumbuka nilifurahia jinsi ile E ilivyotoka. Nilikuwa nimekula mahali pale siku tisa tu kabla.

Wiki moja baadaye bwana wa ofisi ile alikuja, na triplex haifichi kitu. Nilisikia chai ikimiminwa kutoka kwenye thermos, nikasikia kalki ikikunjuliwa. "Na apa chini, pembeni ya maji?" akauliza mgeni. "Apa ni vide," akasema Papa Mbusa. "Lakini si kuko Bambuti?" Papa Mbusa akajibu: "Nyumba zabo haiko mu légende." Yule bwana akacheka, wala si kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniudhi, alicheka kama mtu aliyepunguziwa kazi. "Mais hata kama banabaki, hakuna shida. Bale bamezoea. Ni batu ya pori, harufu haibasumbuake. Donc tunaweka trou apa juu, camion inafika muzuri." Shimo hapa juu, malori yafikapo, yaani juu ya chemchemi ambayo Mama Feza na wenzake waliteka maji. Kulikuwa na sehemu tatu nyingine zinazofaa, nilizipima mwenyewe, lakini kando yazo waliishi watu ambao wangepiga kelele na kelele zao zingesikika. Watu walichaguliwa kupewa taka kwa sababu tu ya kuzaliwa Wambuti. Hilo naliita ubaguzi, na siku hizi wakinialika kwenye mikutano nikisema hivyo wananiomba nitumie neno laini. Silijui neno laini. Nilikaa upande wangu wa triplex na kalamu mkononi, wino ukakauka kwenye ncha, nikaelewa kwamba yule bwana hakuhitaji kudanganya. Uongo nilikuwa nimemwandikia mimi, kwa herufi nzuri.

Jumatatu iliyofuata nilimwomba Papa Saidi anishushe bondeni. Nilikuwa na nakala ya ramani ndani ya bomba la karatasi, na nia njema kabisa, ambayo ni mzigo mbaya kumpelekea mtu. Mama Feza aliitandaza chini, akaikanyaga pembe kwa mguu isipeperuke.

"Siye tuko wapi apa?" akauliza.

Nikamwonyesha.

"Njo bameandika nini?"

"Vide."

"Vide ni nini?"

"Ni... mahali hakuna mutu."

Akaitazama karatasi, akanitazama mimi. Hakupandisha sauti, yeye ambaye sauti yake ilisikika ng'ambo ya bonde. "Na ile siku ya mvula," akasema, "ulikulaka kwa nani?"

Wanawake wengine walipoelezwa neno lile walicheka hadi wakashikana mabega. "Basi siye njo batu ya Vide," akasema mmoja, na kuanzia siku ile wakaliita bonde hivyo, Vide, na mimi wakaniita Mama Vide, nikiwa bado msichana. Nilijaribu kuwakataza. Unaweza kufikiri nilivyofanikiwa.

Mtu mwenye akili angeuliza wao wanataka nini. Mimi nilirudi Butembo nikachora nyumba. Kwa mwezi mzima, baada ya kazi za ofisi, nilichora kijiji cha nyumba za matofali, zenye mabati, zimejipanga mistari miwili, kila moja ina dirisha na namba mlangoni. Mraba uliojazwa wino, kumi na tano. Nilidhani nikiwapa nyumba zenye alama watakuwa watu. Ndivyo nilivyodhani, na wako wengi wenye shahada kubwa kuliko yangu wanaodhani hivyo leo hii. Mama Feza aliugeuza mchoro juu chini, akaurudisha.

"Hizi manyumba ni ya nani?"

"Ni yenu, mama."

"Siye tulikuomba nyumba?"

"Ni juu batu ya ofisi babaone nyinyi."

"Sikiya, binti yangu. Nyumba yangu haina mubaya. Ikioza, siku mbili nimejenga ingine. Maji ikioza, nitaijenga na nini?"

Nikakunja mchoro wangu. Ule mwezi mzima sikuwa nimeifikiria chemchemi hata mara moja, kwa sababu ilikuwa tope tu chini ya mizizi, haikuwa kitu cha kuchora. Lakini njiani kurudi, ndani ya lori, huku Papa Saidi akigombana na redio yake, niliipitia légende kichwani alama kwa alama, nayo nilikuwa naijua kwa moyo. Nikafika kwenye ile ya kumi na nane. Source aménagée, chemchemi iliyojengwa: duara la bluu, na kulizunguka duara kubwa la nukta, mita mia moja kila upande, ambamo ni marufuku kuweka choo, kaburi wala taka. Sharti lake moja: ukuta wa mawe wenye msingi. Nilipiga kelele mpaka Papa Saidi akakanyaga breki.

Yaani kanuni ileile iliyokuwa haiwaoni watu ilikuwa inaweza kuona jiwe. Watu sitini hawakuonekana, ukuta wa mita tatu ungeonekana. Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikaanza kuchora.

Safari hii nilichorea palepale, chini, kwa kijiti, na kila nilichochora Mama Feza alikirekebisha. Vitabu vyangu vilisema bomba liwe kimo fulani. Akasimama kando ya mti, akaweka mkono kwenye nyonga yake: "Apa." Kwenye mchoro wangu hapakuwa na mahali pa kuweka mtungi baada ya kuujaza. Wanawake wetu, sisi Wanande na Wambuti pia, hubeba mzigo mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, na kuuinua ukiwa peke yako ni adhabu. Mimi nimebeba hivyo tangu utotoni na bado nilisahau. Yeye akataka kibaraza cha mawe kilicho sawa na kimo cha mgongo, ili mtu ageuke, afunge mkanda, aondoke bila kumwita yeyote. Nimejenga mengi tangu hapo, shule, zahanati, hata jumba moja la ghorofa tatu ambalo silipendi, na hakuna kitu nilichochora kinachofanya kazi vizuri kuliko kile kibaraza. Mawe waliyatoa mtoni kwa migongo yao. Papa Saidi alileta saruji iliyolowa kona ambayo maduka yaliikataa, akaishusha mwenyewe, na nilipoanza kumshukuru akanikata. "Maji ni sadaka. Hapana niambia aksanti," akasema, akapanda lori lake. Wiki sita tulijenga, mimi nikija mwisho wa wiki. Mchana tulikula ndizi za kuchoma tukiwa tumekaa juu ya msingi, mikono imejaa saruji, hakuna aliyenawa, na nilimfikiria Papa Mbusa na sabuni yake.

Siku maji yalipotoka bombani nilirudi Butembo, na kesho yake nikafika ofisini kabla ya Papa Mbusa, kalki ikiwa bado haijakabidhiwa. Wino hauwezi kufutwa kwenye kalki. Unaukwangua kwa wembe, polepole, wembe umelala karibu kabisa na karatasi, kisha unasugua mahali pale kwa ukucha mpaka palainike, la sivyo wino mpya utatambaa. Nilikwangua V, nikakwangua I na D. Nilikuwa kwenye ile E niliyoipenda aliposimama mlangoni na mwavuli wake.

"Kahindo. Unakwangua nini ku plan ya mutu?"

"Ninakwangua bongo, Papa Mbusa," nikasema, yaani uongo.

Alininyang'anya kalki, akaiinua dirishani. Mwanga ulipita pale palipokonda. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa nimejiandaa kulia kwa heshima. Badala yake nikamwambia yote kwa pumzi moja: chemchemi, ukuta, bomba, alama ya kumi na nane. Alisikiliza bila kuvua koti.

"Iko na fondation?"

"Iko."

"Ya mawe?"

"Ya mawe. Sentimita makumi sita."

Akanawa mikono. Siku ileile akapanda lori la Papa Saidi pamoja nami, akashuka bondeni na viatu vyake vya ngozi, akachimbua pembeni ya ukuta kwa kijiti mpaka akauona msingi, akaupima. Hakumsalimu mtu ila Mama Feza, na hiyo ni kwa sababu alisimama njiani. Kesho yake alichora duara la bluu kwa mkono wake, kisha lile la nukta, na lilikuwa duara zuri, siwezi kukataa. Yule bwana wa ofisi alikuja juu, sauti ilipasua triplex. Papa Mbusa akamjibu maneno yaleyale, mara tatu: "Iko mu légende, monsieur." Shimo likahamishiwa kwenye machimbo ya zamani ambako hakuna aliyekunywa maji. Hivyo ndivyo Papa Mbusa alivyowatia Wambuti kwenye ramani. Hakuwatia. Alitia ukuta. Nilimwomba, nikiwa bado na furaha, achore na zile nyumba, viduara kumi na tano vya milimita mbili. "Haina alama," akasema. Nikamwambia basi tuiunde. Akafunga kalamu yake. "Légende haijadiliwake, Kahindo." Mwisho wa mwaka ule niliondoka ofisini kwake, tukaagana vizuri, tukabaki tukisalimiana miaka yote, na hatukulizungumza tena. Hilo ndilo ninalojilaumu. Nilishinda la maji nikaona inatosha.

Kwa hiyo nilikuwa nimekaa pale Bungulu na mambo haya yote yamenijaa kifuani, makofi yameisha, nikamsikia mtu akiita kutoka nyuma ya jikoni, "Mama Vide! Umezeeka!" Furaha alikuwa anacheka vilevile kama mama yake, ambaye tulimzika zamani. Kabla sijainuka, Kasereka, mwana wa marehemu, akaja na kiti chake na sahani yake akaketi karibu nami. Yeye ndiye mwenye ofisi sasa, hana kalki wala wembe, ana kompyuta. Akataka kunifurahisha. "Tantine, angaliya kazi ya papa tunaiendelesha," akasema, akanipa simu. Ilikuwa ramani mpya ya Beni, ya rangi, kila kona na jina lake. Nikaitafuta kona yangu. Bonde lilikuwa limepakwa kijivu, na katikati yake, kwa herufi kubwa kuliko zangu, VIDE.

"Nani aliandika hii?" Nilihisi ukucha wangu ukisugua kioo cha simu wenyewe.

"Bamotard, batu ya pikipiki, njo banaita vile, tantine. Quartier Vide. Na tuliangaliya ku satellite, ni kweli, kuko miti tu. Donc banataka kutia décharge mupya ya takataka pale."

"Na duara ya bluu?"

"Hii ya zamani? Haikuingia mu système."

Majani ya mangongo, ukiyatazama kutoka mbinguni, ni miti tu. Nilimuuliza kama amewahi kwenda. Akasema hapana, haina haja. Mwongozaji wa kilio akaliita jina langu nitoe ushuhuda. Nikamwambia asubiri. Nikaenda nyuma ya jikoni, nikamshika Furaha mkono, nikampitisha katikati ya viti vya wageni, huku watu wakivuta miguu yao, nikamketisha kwenye kiti changu. Nikamwonyesha simu, nikamsomea lile neno, nikamwambia ni nini kinakuja. Alitazama kile kijivu kwa muda. Kisha akamtazama Kasereka, akaitazama sahani yake.

"Ile buyoga unakula," akasema, "ilitoka wapi?"

Kasereka alitafuna kwanza, kwa kuwa tayari ilikuwa mdomoni. Akameza. Akaweka sahani chini, polepole, kama baba yake alivyokuwa akiweka kalamu.

"Kuko batu ngapi pale?" akauliza.

"Kuya kwetu uhesabu," akasema Furaha.